Mguu wa Mbele wa Salma

Mkonze, Jumatano jioni

Mguu wa mbele tena. Mjukuu wangu Salma amepiga simu kutoka Unguja. Ubao wake wa kuteleza baharini ukishainuka juu ya maji, lazima aukandamize kwa mguu wa mbele mpaka paja liwake moto, la sivyo pua ya ubao inapanda naye anaanguka.

Bawa la chini ya ubao, lile linaloupandisha juu ya maji, tulilichagua pamoja kwa simu mwaka jana, kwa kilo zake sitini, na miguu yote miwili ilibeba sawa. Nikamwambia alegeze skrubu, alisogeze nyuma vidole viwili. Akaenda kulijaribu, kisha akapiga tena.

"Babu, limekaa! Fundi wa boti hazeeki."

Lakini bawa halibadiliki lenyewe; linainua kupita kiasi pale tu anayelipanda anapopungua uzito. Nikamuuliza ana kilo ngapi sasa.

"We Babu! Mwanamke haulizwi hivyo."

"Nauliza kwa ajili ya bawa."

Akashusha sauti. "Arobaini na nane. Usimwambie Mama."

Anasema ni uchovu wa kazi tu. Kilo kumi na mbili, uchovu wa...

Nilipofukuzwa Unguja, miaka mingi iliyopita, niliapa sitarudi. Nimetoa begi uvunguni, zipu imeshika kutu. Kesho nakata tiketi. Nitamwambia nakuja kukagua bawa.