Mkoba Wako wa Kamera na Siku Tatu za Mama

Kaka yangu,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu Mama alinifunza kuitanguliza, hata mtu awe kaniudhi vipi. Ingekuwa hiari yangu, leo ungeikosa.

Barua yako imefika huku Omani, hapa Ibra, juzi, kurasa nne, mbele na nyuma. Niliifungua mbiombio, maana tangu tumzike Mama hukuleta hata mstari mmoja, nikasema leo kaka kaandika ya moyoni. Kumbe kurasa tatu na nusu ni habari za mkoba. Ati huko Ulaya unawachukua watoto kwenye viwanja vikubwa vya mapembea, mnatembea tangu asubuhi mpaka magharibi, na baada ya kuhangaika maduka manne umegundua mkoba wa kamera unaofaa. Wa kitambaa, mwepesi, mkanda wake mpana, unavaliwa kupita kifuani, mikono inabaki huru, na mtu anapanda nao pembea bila ya kuuvua. Umenichorea na picha yake kwa kalamu, usije ukanipita. "Siri ya siku ndefu ni bega," umeniandikia, kama mtu aliyefunuliwa jambo.

Halafu mwisho kabisa, chini ya ukurasa, pale palipobaki nafasi ya vidole viwili, ndipo ulipomkumbuka mzazi wako. Unataka nikuletee picha ya Mama, awe peke yake, aonekane vizuri, na isiwe ile ya pasi ya kusafiria.

Nimecheka, kaka. Nimecheka mpaka binti yangu akaja kuniuliza kuna nini.

Mkoba huo uliouchora mimi niliushona. Kwa mkono wangu, hapa hapa Ibra, wiki mbili kabla ya ile Idi ya Nizwa. Nguo ya khaki nje, pamba ndani tabaka mbili, mkanda upana wa kiganja changu, nimeupima mwilini kwa abaya na bila ya abaya. Nilikuletea nikaushika mbele yako kwa adabu zote. Unakumbuka ulivyoupokea? Uliunyanyua kwa vidole viwili, ukaugeuza, ukasema, "Huu wa kutilia vitunguu." Wenzako uliokuwa nao barazani wakacheka, nawe ukazidi kuvimba. Mimi nikauchukua mkoba wangu nikaingia ndani, na kweli, kaka, niliutilia vitunguu. Umedumu miaka.

Wako ulikuwa umekwisha kuununua sokoni Matrah. Sijapata kuona kitu cha kujishaua kama kile. Ngozi ngumu ya rangi ya damu ya mzee, umbo la sanduku, pembe zote nne zimepigwa chuma, ndani mahameli nyekundu, na mkanda mwembamba kama wa ndala. Vifungo vitatu vya kufungua kabla hujaiona hata kamera yenyewe. Ukauweka kitini sebuleni, na mgeni akija hukai wewe, unakaa mkoba. "Mkoba ndio unaomtambulisha mpiga picha," ulikuwa ukisema. Mpiga picha gani? Filamu yako ya kwanza tuliisafisha tukakuta picha za gari lako, mbele, nyuma na ubavuni, na wewe umeegemea. Ya pili mlikuwamo wewe na mkoba.

Mimi mkoba wako usingenihusu hata chembe, kama si Mama.

Unajua vizuri kwamba Mama hakuwa na picha. Zote zilibaki Unguja kabatini, ya harusi yake, ya marehemu baba, na zetu sisi tukiwa watoto. Tulipotoka tulitoka na tulichovaa. Huku akapigwa moja ya pasi, na hiyo kakaza uso kama kashitakiwa. Kwa mpiga picha wa kiume hataki kwenda, ana haya zake, na sisi hatukumlazimisha. Basi yalipoletwa yale mapembea ya mashine Nizwa, yakafungwa kwenye uwanja wa wazi nje ya mji, tukasikia kwamba katika Idi zimetengwa siku tatu za wanawake na watoto tu, wauza tikiti wanawake, waendeshaji wanawake, mwanamume hata mlangoni hapiti. Mama aliposikia akaniambia, "Hapo nitapigwa mie picha. Nikiwa juu, kichwa wazi, nikicheka." Wewe hukumsikia akisema hivyo. Mimi nilimsikia. Alikuwa na miaka yake sitini na kitu, na alinisimulia njia nzima, tangu Ibra mpaka Nizwa, namna alivyokuwa akipanda pembea Mnazi Mmoja sikukuu, hashuki mpaka aitwe mara tatu. Wewe ulikuwa unaendesha gari, umewasha redio.

Tukafikia kwa mama mdogo. Asubuhi ya kwanza ukatufikisha mlangoni pa uwanja, mimi, Mama, na mabinti wawili wa mama mdogo. Kamera ukanifunza mimi, bonyeza hapa, zungusha hapa. Nikakuomba kwa mara ya mwisho unipe kamera tupu niining'inize shingoni, vyombo vingine vibaki garini. Ukakataa. Vumbi, ukasema. Joto. Kila picha nikishapiga lazima kamera irudi ndani ya mahameli, na mkoba usiwekwe chini, na usiachwe kwa mtu. Kisha, bwana mkubwa, ukataka kuyapamba maneno yako. Ukauchukua mkoba begani kwangu ukampa Mama mikononi, ukamwambia, "Mama, huu ni amana kwako."

Neno kubwa hilo, na wewe ulilitoa kwa mbwembwe tu. Mtu akimwambia Mama amana, yamekwisha. Mwanamke yule alikaa na bangili za jirani yetu Unguja miaka sita, mwenyewe yuko safarini, na aliporudi alizikuta zimefungwa katika kitambaa kile kile alichokuja nacho. Wewe mwanawe ulilijua hilo. Au hukulijua, na hapo sijui lipi baya zaidi.

Mkoba haukuruhusiwa kupanda. Mwanamke aliyekuwa akiwafunga watu mikanda pale kwenye gurudumu kubwa la viti aliutazama akatikisa kichwa. Haukai mapajani, haupiti kwenye chuma cha kiti. Kuuacha kwa muuza tikiti, Mama hataki. Akatafuta benchi, la zege, lenye kivuli nusu, akakaa akaupakata. "Nendeni nyie," akasema, "mie nipo." Nikawapeleka mabinti wakapande kwanza, nikawapiga picha, nikakimbia kurudi benchini kufungua vifungo vitatu, kuilaza kamera, kufunga vifungo vitatu. Kisha tena. Kufika adhuhuri bega langu, nililoubebea tukihama kivuli, Mama kaukamata kwa nyuma, lilikuwa limechorwa mstari mwekundu. Mama alinipaka mate kwa kidole, kama mtoto.

Nikamwambia, "Mama, nipe mimi nikae nao, wewe panda, mmoja wa hawa atakupiga."

Akasema, "Kaniambia mie, hakukwambia wewe."

"Mama, ni mkoba tu."

"Nitamwomba jioni anipe ruhusa. Akisema sawa, kesho napanda."

Na alikuomba, kaka. Nataka ulikumbuke hilo, na kama umelisahau basi nakukumbusha mimi. Ulikuja kutuchukua unanukia udi wa sabla za watu, mabaraza ya wanaume wenzako, tumbo limejaa halwa na kahawa, na jambo la kwanza ulilofanya ni kuukagua mkoba pembe zote nne. Mama akangoja umalize. Akakwambia kwa sauti ndogo, yule mama aliyekuzaa, "Mwanangu, kesho mkoba nimwachie mdogo wako kidogo, nami nipande pembea."

Ukacheka. "Mama! Na utu uzima wote huo? Watu watasemaje?"

Watu gani? Uwanja mzima ulikuwa wa wanawake. Vikongwe kuliko yeye walikuwa wakipanda na wajukuu wao, wanapiga vigelegele huko juu, na wewe hukuwaona kwa sababu hukuruhusiwa kuona, ukaamua tu kwamba unajua. Mama akacheka na wewe, akasema, "Kweli, baba," akaingia garini. Alikuwa akikwita baba tangu baba yetu alipofariki. Nilikaa nyuma yake nikamtazama shingo yake njia nzima sikusema kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeolewa, nina mtoto, na nilikuogopa. Nakudharau kwa mengi, lakini hapo najidharau mwenyewe.

Siku ya pili nikamwambia, "Achana naye, panda, hatajua." Akasema hamu imemwisha. Siku ya tatu sikumwambia. Tena nikupe na hili, nisije nikajitia mwema: siku ya tatu mimi nilipanda. Mabinti walinivuta na mimi nikaenda, nikakaa katika kiti, gurudumu likanichukua juu, nikaiona mitende ya Nizwa yote na mlima nyuma yake, na upepo ukanipiga usoni, nikacheka kwa nguvu. Nilipotazama chini nikamwona Mama benchini. Alinipungia mkono mmoja. Wa pili alikuwa ameukamatisha mkanda wa mkoba wako. Nilizunguka mara nne, na sikuomba kuteremshwa.

Filamu ilikuwa imebakia picha moja. Nikamwambia sasa nakupiga wewe, sitaki maneno. Akateremsha buibui mabegani, akatengeneza nywele, akasema, "Ngoja niuondoe huu." Akainua mkoba auweke chini. Akatazama vumbi. Akaurudisha mapajani. Nikapiga.

Ndiyo hiyo, kaka. Mapembea yaling'olewa kesho yake yakapakiwa malorini, na mwaka uliofuata hayakuja, na uliofuata huo Mama hakuwapo. Nilikwambia nini katika simu ile ya usiku ule, wewe umekwisha kuhamia Ulaya? Nilikwambia, "Mama katutoka," na wewe ukalia, na nilikuamini. Bado naamini kwamba ulimpenda. Lakini kumpenda ulimpenda; kumtazama, ulimtazama lini? Ulipompa amana ulikuwa ukiutazama mkoba. Alipokuwa akingoja akuombe kupanda ulikuwa unahesabu makwaruzo.

Sasa umekuwa mjuzi wa mikoba. Mkanda mpana, siri ya siku ndefu ni bega. Bega la nani? Lako. Lilipokuuma wewe, siku moja tu, nyuma ya watoto wako, uliingia maduka manne kutafuta dawa. Nakwambia bila ya kukuficha, niliposoma pale palipoandikwa kwamba unapanda nao pembea bila ya kuuvua, niliiweka barua chini nikatoka nje nikasimama.

Usiniletee mkoba wa namna hiyo kama ulivyoahidi. Ninao.

Na picha uliyoitaka nimeitafuta. Nyingine hakuna, ni hiyo tu ya benchini. Uso wa Mama umetoka vizuri, hata kipini cha puani kinaonekana, na anataka kucheka. Lakini chini ya kidevu ni mkoba, ngozi na vyuma, umemfunika kifua chote mpaka magotini. Kwa vile umesema unamtaka peke yake, jana nilikaa nayo na mkasi. Nilifikiri nikate mkoba uondoke. Nikaupima huku na huku. Haiwezekani, kaka, maana mikono yake yote miwili imeukumbatia, na nikiukata mkoba nakata na mikono ya Mama. Nikaweka mkasi.

Basi nimetoa nakala, nakuletea kama ilivyo. Kichwa chake ki wazi, kwa hivyo usiitundike sebuleni kwa wageni, itundike chumbani, karibu na kitanda. Wasalimie watoto, wabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Watakuuliza bibi yao amekumbatia nini vile. Wajibu mwenyewe, kwa mdomo wako. Wangu nimekwisha kuwaambia.

Mimi mdogo wako,
Ibra