Jina la Mama Bado Liko Kwenye Hati

Mshauri wangu, nisaidie mawazo, maana jambo hili limenikaa kichwani hadi nakosea vipimo vya wateja. Mimi ni fundi cherehani, mama yetu alifariki mwaka jana na baba amebaki peke yake na kinyozi aliyepanga chumba cha mbele, nami kila jioni naenda kumpikia, na dirisha la jikoni nalisukuma kwa kiwiko kama mama alivyolisukuma akiwa na unga mikononi, ingawa mikono yangu ni mitupu. Sasa baba anataka kunipa nusu ya nyumba akiwa hai kwa sababu nilimuuguza mama hadi mwisho, sikuomba, ila sipendi kumvunja moyo, na shida ni kwamba hati ina majina mawili, lake na la mama, na la mama hakuna aliyethubutu kuligusa.

Baba mdogo, ambaye ni dalali wa nyumba, akaja na karatasi ya kunihamishia nusu hiyo, iliyokwisha kuandaliwa.

"Tukianza mirathi leo, halafu zawadi, watu wa kodi watatusimamisha kila mlango," alisema. "Tunaweka tarehe ya mwaka juzi, shemeji alikuwa mzima. Sahihi yake naiweza."

"Na mimi je?"

"Wewe fundi bwana, piga mshono tu."

Baba akacheka kidogo, akasema, "Mama yenu alichukia foleni. Angekubali."

Wananitaka nisaini Ijumaa. Nikikataa naona kama nausukuma mkono wa baba, nikikubali kuna mtu ataandika jina la mama, na mama alikuwa akiliandika polepole, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo. Mdogo wangu wa kiume, aliye mji mwingine, hajui lolote. Nifanye nini?

Fundi Cherehani

Fundi, pole sana kwa msiba. Lakini usisaini. Marehemu hasaini, na anayemsainia anaghushi. Mambo yakiharibika baba yako mdogo atasema alitumwa, na jina litakaloonekana kwenye hati ni lako. Tena unanishangaza: unakumbuka hadi ulimi wa mama yako, halafu unaniuliza kama mtu mwingine amwandikie jina?

Anzeni na mirathi. Sehemu ya mama si ya baba kuigawa mpaka mirathi iamue, na huenda mdogo wako ana fungu humo. Mpigie simu leo, asije akasikia kwa dalali. Baba atoe zawadi kwenye kilicho chake tu.

Kisha nenda ofisi ya kodi, au kwa mhasibu, ueleze ukweli wote. Sitajifanya najua sheria za kwenu. Kuna mahali mzazi akimpa mtoto kodi husamehewa, na kuna mahali hulipwa. Uliza ni thamani gani itakayoandikwa siku ya kupokea, kwa sababu ukija kuuza, faida yako inaweza kuhesabiwa kuanzia hapo, na tarehe ya uongo utaishi nayo mpaka siku hiyo. Uliza pia kama baba akiendelea kuishi bure katika sehemu aliyokupa, watasema bado ilikuwa yake siku akifariki. Na pango analolipa kinyozi, sehemu yake itakuwa pato lako, utalitangaza. Usijifanye hukujua.

Halafu, haki ya baba kuishi humo maisha yake yote iandikwe. Najua unampenda. Iandikwe hivyo hivyo, maana wewe nawe unaweza kutangulia, na warithi wako siwajui.

Ijumaa nenda, usijifiche. Mwambie, "Baba, zawadi nimeipokea kwa mikono miwili, ila karatasi hii siisaini." Atanuna. Mwache anune, kaa naye. Akitulia, mwombe cheti cha kifo cha mama, kwa sababu bila hicho hakuna ofisi itakayowasikiliza. Nahisi tangu mazishi hajakifungua. Kifungueni pamoja, na siku ya kukipeleka ofisini asiende peke yake.