Baiskeli Niliyoinunua kwa Nauli ya Kurudi

Kaisho, Karagwe

Kwa dada yangu Mwanaidi, uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutambaa. Shikamoo. Na shikamoo ya Mama mpelekee wewe mwenyewe, umbusu mkono kwa niaba yangu. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila uzima wenyewe una kasoro, nitakueleza. Nanyi je? Paa la jikoni linavuja bado, au shemeji amelitia makuti kama alivyoapa?

Barua yako nimeletewa na mchuuzi wa chumvi, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Unasema macho ya Mama yamebaki kuuona mwanga wa mlangoni tu, na kwamba ukimlilia anakukemea: "Athumani nitamjua kwa mwendo. Wanangu wote nawajua tangu ukumbini, kabla hawajabisha hodi." Dada, maneno hayo yamenikata hamu ya chakula siku mbili.

Umeniuliza tena lile swali ambalo nimelikwepa barua mbili. Nauli ya meli niliyokuandikia kwamba ninayo, imekwenda wapi? Haya, nakujibu. Nilinunua baiskeli. Hapa usimsomee Mama, ruka mpaka nitakapokwambia.

Najua umeguna. Guna tu, una haki. Lakini jua hali ilivyokuwa. Wapagazi hawapatikani, Mdachi kawachukua wote kwenye barabara zake, na wanaobaki wana homa. Kwa muda mrefu nimebeba mwenyewe, vitambaa na chumvi kutoka Bukoba mpaka huku Kaisho na Mabira, kisha kahawa na samli kurudi ziwani. Siku sita za njia, vilima vitupu, shingo imeniingia mabegani. Nauli nilikuwa nayo, lakini kurudi Pangani mikono mitupu baada ya miaka yote hii niliona haya. Nikasema, acha nibebe misimu miwili tu kwa chombo cha magurudumu, nirudi na kitu cha kumwekea Mama mbele yake. Haya zangu ndizo zilizonikosesha, si mtu mwingine.

Basi nilikwenda Bukoba na mwenyeji wangu, Mzee Bitegeko. Huyu ni Mnyambo, mtu wa ng'ombe na migomba, mnene, mcheshi, ndiye aliyenipa nyumba ya kukaa hapa. Kila jioni ananikaribisha rubisi, pombe yao ya ndizi, nami kila jioni namwambia dini hairuhusu, naye kila jioni anashangaa upya. Dukani kwa Mhindi zilikuwepo baiskeli mbili ambazo fedha yangu ilizifikia. Moja mpya, nyeusi, inang'aa mpaka unajiona uso, magurudumu membamba, kengele yake inalia vizuri. Moyo wangu ulikwenda kwa ile moja kwa moja, mwenyewe unanijua. Ya pili ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, nzito kama mlango wa msikiti. Iliachwa na Mdachi mmoja mpima njia aliyerudi kwao.

Bitegeko hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake, lakini akazikagua zote mbili kama anavyokagua ng'ombe mnadani. Akainua gurudumu akalizungusha huku ametega sikio. Akashika kila kijiti cha chuma akakitikisa. Akapapasa maungio ya chuma kwa dole gumba, akitafuta ufa. Akamuuliza Mhindi, "Hii imezaliwa wapi? Mama yake alikuwa na maziwa?" Mhindi akamwambia asimpotezee wakati. Bitegeko akajikalia zake kwenye chuma cha nyuma cha kuwekea mzigo, kwanza cha hii kisha cha ile, mwili wake wote ule! Ile mpya ikapinda papo hapo, Mhindi akapiga ukelele. Ile kuukuu ikatulia tu.

"Athumani," akaniambia, "usinunue pembe. Nunua kwato."

Nikanunua kwato. Na kusema kweli, dada, hatukukosea. Mipira yake minene haikujali miiba. Nilipakia mizigo ya watu wawili na zaidi, nikaisukuma vilimani na kuipanda kwenye tambarare, nikaivusha mito kwa mtumbwi. Ilipotoboka niliiziba, mnyororo ulipokatika fundi wa majembe aliuunga. Masika ikapita, vuli ikapita, ile baiskeli haikuniangusha hata siku moja.

Ila huku wana desturi yao. Ng'ombe mpya akiingia nyumbani hupakwa samli, apokewe vizuri na azae. Tuliporudi na baiskeli, mke wa Bitegeko akatoka na kibuyu cha samli, akaipaka usukani, akaipaka kiti, akaipaka na magurudumu, huku akiisifu kwa Kinyambo. Ningemkatazaje? Ningekuwa nimemtukana nyumbani kwake. Tena nilifurahi, maana tangu nitoke kwetu hakuna aliyeniombea safari njema kwa mikono yake. Ikawa kila nikiondoka anaipaka samli, nami nikishapita migomba, nisionekane, naifuta. Breki ya baiskeli hii, dada, ni kipande cha mpira kinachokandamiza gurudumu la mbele, kikishika samli kinateleza tu.

Siku moja sikufuta. Nilikuwa nimechoka, ndiyo sababu, sina nyingine. Nilikuwa nimefika kutoka Bukoba juzi yake tu, mgongo unauma, nina magunia mawili ya kahawa ya kupeleka, nikasema leo nitashuka polepole, hakuna neno. Kwenye mteremko wa Mabira nikavuta breki, breki haikushika. Nikavuta tena. Magunia yalinisukuma kwa nyuma, nami nikaona jiwe, nikaona na mgomba, nikachagua mgomba, nikapata jiwe.

Mguu wa kulia ulivunjika juu ya goti. Mganga wao wa mifupa aliufunga vijiti na kamba za migomba, nimelala kwa Bitegeko miezi mitatu. Mke wake hakuambiwa habari ya samli na hataambiwa, ananilisha kama mwanawe. Mfupa umeunga, lakini mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na bila fimbo siendi. Baiskeli imepoteza kengele tu. Bitegeko aliigeuzageuza, akaja kitandani kunipa habari kwa furaha: "Athumani, tulichagua vizuri!" Nilicheka mpaka machozi, na machozi hayakukoma nilipomaliza kucheka. Nilitafuta chombo kitakachodumu, dada, sikujiuliza kama mimi mwenyewe nitadumu.

Nimechoka. Si mguu peke yake. Nimechoka kununua na kuuza, nimechoka kuwa mgeni, hata kwa watu wema hivi.

Barua yako ilipofika nilimsomea Bitegeko kwa lugha yake, kadiri ninavyoijua. Alitafuna buni zake kavu za kahawa, kama wafanyavyo huku, mpaka zikaisha. Kisha akasema, "Mzigo uko tayari, chombo kipo, tunangoja nini?" Sikumwelewa. Kesho yake alikuja na wapwa zake watatu na ngozi ya ng'ombe, wakaikunja na kuifunga juu ya chuma cha nyuma, kile kile alichokikalia dukani. Wakanipakia. Wawili wanashika usukani, mmoja anasukuma, na yeye Bitegeko anatembea pembeni ameushika mguu wangu usining'inie. Tumezunguka shamba zima kujaribu. Mke wake alitoka na kibuyu. Safari hii nimemwomba mwenyewe, kwa adabu, aupake mguu wangu, baiskeli aiache.

Tunaondoka Jumatatu, inshallah. Bukoba yule Mhindi ataichukua tena baiskeli dukani kwake, ameshaniletea habari, na atanipa nauli yangu ile ile ya meli. Basi, ndiyo faida ya biashara yangu, nyingine imeliwa na mguu. Sitaleta kitu, dada. Nakuja mimi tu.

Nisalimie shemeji, mwambie paa linamngoja. Nisalimie mjomba Faki na mtumbwi wake usiokauka. Wabusu wanao, na yule mdogo nisiyemjua mwambie anaye mjomba.

Sasa msomee Mama, kuanzia hapa. Mama, nakuja. Ukisikia ukumbini mtu anakuja na fimbo, hatua moja nzito na moja nyepesi, usiseme ni mgeni. Ni mimi.

Mwanao na mdogo wako,
Athumani