Mama Aliyeomba Kuona Vimelea

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Busibwabo tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua imeozesha maharagwe, na mjomba wako bado anakohoa.

Unasema bakteria mliowatengeneza ili waue vimelea vya malaria tumboni mwa mbu wamekufa tena. Unaniuliza kama mimi niliwahi kutaka kuacha kazi ya maabara. Niliwahi, mwanangu.

Miaka ya sabini, nikiwa msichana, nilikuwa nikipima damu katika zahanati moja pale Malaba. Asubuhi moja mama mmoja alivuka kutoka Uganda akiwa na binti yake mgongoni, mwili wa mtoto unawaka moto. Nilipomwambia ni malaria, na kali, akaniomba, "Dada, nionyeshe kinachomla mtoto wangu."

Nikampisha kwenye hadubini. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni vidogo hivi? Na vinawashinda?"

Tulimpa mtoto dawa, lakini ilikuwa imechelewa. Adhuhuri alikata roho.

Nilimsindikiza mama hadi kizuizi cha mpakani. Askari akamuuliza amebeba nini.

"Mtoto amelala," akasema, akapita.

Nilibaki pale nikilia, nikitaka kwenda nyumbani nisirudi tena. Lakini nilirudi. Haukuwa ushujaa, Nekesa. Ni kwamba nilikuwa nimemwacha mama mwingine kwenye benchi, na mtoto wake alikuwa anatetemeka.

Kula vizuri, na ulale.

Ni mimi kukhu wako