Umenitumia Sungura Badala ya Mujumbe

Bulengera, Butembo
Tarehe 14, mwezi wa tisa 2024

Mpendwa mutoto wangu Muyisa,

Wavukire. Unalala muzuri huko Ubelgiji? Unakula? Kwa picha ya mwisho shingo yako ilikuwa nyembamba kama ya kuku ya ugonjwa. Na muke wako Rébecca, mugongo wake umepona? Sisi tuko bazima, Mungu anatulinda. Magoti inanisumbua, mais kinywa bado iko na nguvu. Adèle, muke wa ndugu yako Luc, njo anashika kalamu. Nimemukataza kupunguza kitu.

Shangazi yako Kahongya alikimbia vita ya Luofu, tunalala naye kitanda kimoja. Anakoroma, mais eko muzima. Maharaki imekubali mwaka huu, viazi hapana.

Sasa tufike kwa ile sinema.

Flash ya sinema yenye ulipatia Virginie atuletee ilifika. Siku courant ya umeme ilirudi tuliketi sisi wote mbele ya televizyo ya Luc, mutoto wako Jemima katikati ya magoti yangu, pahali pake tangu uliniachia yeye bila hata jino. Sinema ya sungura benye kuvaa nguo. Batoto balicheka. Mimi nikaanza kuangalia vizuri.

Kwanza, ule mukaka wa sungura, ule muzee mwanamuke mwenye kulea mujukuu, hana jembe. Anakaa kwa kiti, anafuma sweta tangu asubuhi. Nani basi analima karoti yote ile? Kahongya akaniambia, "Dada, nyamaza, ni michoro tu." Michoro! Mwenye alichora alikuwa na mukono, na mukono hauendake peke yake.

Halafu sungura mudogo anapanda puto kubwa, anaenda ngambo kwa baba na mama yake. Na mukaka mwenye alimulea? Anapunga mukono, anacheka, anarudia sweta. Hata chozi moja hapana! Nikasema kwa nguvu, "Huyu mwanamuke bamemulipa." Luc akatoka inje, eti anaenda kuangalia pikipiki yake. Luc hana pikipiki. Pale njo nilielewa.

Muyisa, sikusoma, mais siko mujinga. Kwetu, mutu akitaka kuondoa mutoto kwa mukaka yake, anatuma mujumbe. Mujumbe anakuja na miguu yake, anaketi, anakula bugali, njo anasema. Banamutukana kidogo, anavumilia. Wewe umetuma sungura. Sungura wa televizyo nitamulisha nini? Nitamutukana namna gani, na hasikie?

Adèle anasema hii tusiandike. Andika, Adèle.

Jemima ameangalia ile kitu mupaka anaijua yote. Juzi, tukichambua maharaki, akaniuliza, "Mukaka, ule mukaka wa sungura alibakia na nani?" Nikamuambia aulize baba yake. Donc ninakuuliza.

Mutoto ni wako, sitamufunga kamba. Mais tuma baba yako mudogo Ézéchiel, atoke Beni, nitamuchinjia kuku. Atasema, nitakataa kwanza vile inafaa, kisha tutasikilizana. Na siku Jemima ataondoka, usitazamie nipunge mukono nikicheka. Nitalia mupaka Bulengera yote itoke inje. Nataka aende na ile sauti ndani ya masikio, asiulize tena mukaka alibakia namna gani.

Salimia Rébecca, salimia jirani yenu Kambere na batoto bake. Kula, Muyisa. Mungu akukinge na baridi ya huko.

Mimi mwenye kukupenda na kukugombeza,
Mama yako Masika