Namba Moja wa Wodi ya Pili

Hosteli ya Madaktari,
Chumba Na. 14,
Hospitali ya Rufaa.
9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko, na hayo magoti je, bado yanakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Baba naye hajambo, isipokuwa ile ngiri aliyoibeba miaka yote akisema ni gesi. Wiki hii amekubali kulazwa. Nitalirudia hilo.

Barua yako ya pongezi niliipata. Umeandika "Namba Moja wetu" mara nne, nimehesabu. Aibu ilinishika, ndiyo maana majibu yamechelewa. Shangazi, ile nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji sikuipata. Nakwambia mapema usije ukalisikia kwa mwingine ukaangusha kikombe.

Usinihurumie kwanza. Nisikilize.

Unamkumbuka Sindano, rafiki yangu uliyewahi kuongea naye kwenye simu mkacheka nusu saa nzima? Tumesoma pamoja miaka mitano. Mikono ya yule binti, jamani! Anashona kidonda cha mtoto anayelia, na mtoto ananyamaza ili amtazame. Lakini darasani alitoka wa kumi na nane kati ya thelathini na wanne, mimi wa kwanza. Na fomu ya kuombea ubingwa ina mstari mmoja tu wa maana: nafasi yako darasani. Wakaitwa kumi wa juu kwenye usaili. Sindano hakuitwa.

Sasa siri yangu. Mwaka wa mwisho alama nyingi hutolewa wodini, na darasa hugawanywa kwa kufuata herufi za majina. Nusu ya kwanza walikwenda Wodi ya Kwanza, kwa daktari tunayemwita Mzee Sitini, kwa sababu tangu aanze kufundisha hajampa mtu zaidi ya sitini. Sisi wa herufi za mwisho tulikwenda Wodi ya Pili kwa Daktari Asante, ambaye hushukuru hata mlango ukifunguka. Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha upasuaji niliona damu nikazimia, puu! na trei ya vyombo juu yangu. Akaniinua, akasema asante kwa kujaribu. Mwisho wa mwaka akanipa themanini na tisa. Aliyeshika mkia kwake alipata sabini na nane.

Matokeo yalibandikwa ubaoni kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho bila kutaja wodi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mimi nilishtuka kwa sababu nilikuwa namtafuta Sindano. Nikanakili orodha, na pembeni ya kila jina nikaandika wodi yake. Kumi na saba wa juu, wote wa Wodi ya Pili. Wote! Anayefuata ni Sindano, ambaye jina lake la kwenye cheti linaanza na A. Yaani kule kwa Mzee Sitini yeye ndiye aliyeongoza.

Karatasi ile ilikaa mfukoni siku tisa. Sitajifanya malaika. Nilijiambia kosa si langu, na Baba keshamtangazia kila mteja anayekuja kupimwa suruali. Kisha asubuhi ya usaili Sindano akaniomba koti langu, akalipiga pasi mwenyewe, huku akiniambia nisimame wima. Hapo nikashindwa. Mwenyekiti aliposema, "Tunaona wewe ndiye wa kwanza," nilitoa karatasi nikaiweka mezani.

Alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akaniuliza kama najua ninachofanya. Nikamjibu najua nusu. Wiki mbili baadaye waliwaita wote walioomba, wakampa kila mmoja mgonjwa wa kumpima na kidonda cha kushona, na wasimamizi hawakuwa na orodha ya darasa mbele yao. Nafasi ilikuwa moja, akaichukua Sindano. Mimi nilikuwa wa pili, Shangazi, na safari hii nimekuwa wa pili kweli. Nitaomba tena mwakani.

Nililia, sikufichi. Na nilimnunia Sindano siku mbili nzima, eti kwa nini anafurahi kwa sauti. Yamekwisha. Ile fomu bado wanaijadili vikaoni, na unavijua vikao.

Alibaki Baba. Jana nilimkuta kitandani amevaa gauni la hospitali, anakagua pindo na kumlaani fundi aliyelishona. Anapasuliwa Jumatatu, na daktari bingwa atasaidiwa na Sindano. Kumbe mzee alishamwambia muuguzi kwamba atashonwa na Namba Moja, mwanawe wa kumzaa. Nikamweleza yote, toka trei hadi karatasi. Akawa anavuta uzi wa lile pindo. Nilitamani anigombeze tu tumalize.

Mwishowe akauliza, "Ungekuwa wewe ndiye umelala hapa, ungetaka akushone nani?"

Nikasema, Sindano.

"Basi, si umeshajibu? Mwambie tu asinishone kama walivyoshona hili gauni."

Tuombee Jumatatu, Shangazi. Wasalimie binamu zangu, hasa yule fundi umeme anayeogopa sindano, na umwambie ninayo nyingine ya kumtambulisha. Mungu akutunzie hayo magoti mpaka nije niyaone mwenyewe.

Wako akupendaye,

Namba Mbili wenu