Bibi Kimya Kanyoosha Mkono

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia stoo ya vitabu, sitoki!

Unamkumbuka Bibi Kimya, yule binti wa kidato cha kwanza ambaye tangu ahamie kwetu hajafungua mdomo, hata nimbembeleze vipi? Leo kanyoosha mkono. KANYOOSHA MKONO! Nikawakemea wale watundu: "Nyamazeni, mwenzenu anataka kusema!"

Akasimama: "Mwalimu, sketi umeigeuza. Lebo iko nje."

Nami kwa furaha, bila hata kusikia alichosema: "Vizuri sana! Hebu rudia kwa sauti, wote wasikie."

Akarudia, mwenzangu. Kwa sauti!

Darasa zima hoi kwa kicheko, naye pia. Sketi nimeshaivaa vizuri, ila miguu imegoma. Nawasikia huko nje wanamwomba asimulie tena, na anasimulia!